Mahali Patupu Chini ya Misonobari

Visoko, 6 Mei 1977

Kwa jina la Mola aliyeiumba nchi kavu na bahari, akaweka mpaka kati yake kwa rehema. Sala na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake na sahaba zake.

Kwa ndugu yangu Lulzim Bardhi, msimamizi wa kambi ya mahema, Ulcinj, pwani ya Montenegro. Amani iwe juu yako, juu ya mkeo Hajrije, na juu ya kila alalaye chini ya dari yako.

Ama baada ya salamu, nakuarifu kuwa tungali hai, na shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, ila hatuko kama mlivyotuona mara ya mwisho. Mwezi wa Januari mke wangu Nefisa alipatwa na kiharusi akiwa anasukuma unga wa kuokea pita ya nyama. Mungu alimrudishia ulimi kabla ya kiungo kingine chochote, nami nilimshukuru kwa hilo, hata ulimi huo ulipoanza kunielekea mimi. Mguu wa kulia bado mzito. Hutoka kitandani hadi jikoni akishika ukuta. Mchangani hawezi.

Katika kambi yako pana mahali pamoja tu panapomfaa, napo ni pale chini ya misonobari miwili, tulipopiga hema kila kiangazi tangu mwanetu Enver akiwa wa kubebwa. Ardhi ya pale ni ngumu na tambarare, na aliyelala hemani huyaona maji bila kuinua kichwa. Akiwekwa safu za nyuma ataona magari na nguo za watu zilizoanikwa, na hayo anayo hapa hapa mtaani.

Hatuna hiari ya wakati. Kiwanda cha ngozi anachofanyia kazi Enver huwapa wafanyakazi wake wote likizo kwa pamoja, mwanzoni mwa Agosti, na Enver ndiye mwenye gari. Ramadhani nayo inaingia katikati ya mwezi huo huo, nami napenda itukute nyumbani. Najua hizo ndizo siku ambazo nusu ya nchi huteremkia pwani. Kwa sababu hiyo nakuandikia mapema, na kwa sababu hiyo naona haya kukuomba.

Nefisa hana habari ya barua hii. Nilipomtajia bahari alisema, "Bahari nimeiona, haijabadilika. Nenda wewe, unisalimie." Nikaamini kuwa hataki. Siku ya pili nikakuta ameagiza hema lishushwe darini na kuanikwa uani. Akasema ni kwa ajili ya nondo.

Nakushukuru kabla hujajibu, kwa yote uliyotutendea miaka iliyopita.

Ndugu yako katika imani,
Hafidhi Ragib Solak

*

Ulcinj, 17 Mei 1977

Shehe wangu, waalaikumu salamu.

Barua yako nilimsomea Hajrije. Alilia sana, kisha akafuta macho akasema, "Yule Nefisa atatuzika sote." Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, habari nimeipata kwa mwenye kujua.

Sasa tuongee ya kazi. Agosti hapa si mchezo. Mwaka jana kamba za mahema zilipishana mpaka mtu wa Skopje akipiga chafya, mtu wa Novi Sad anasema afya. Palikuwa na bwana mmoja aliyelala na miguu nje ya hema lake, na miguu hiyo ilikuwa ndani ya hema la jirani. Halafu pale penu ndipo kila mtu anapapigia jicho. Nikisema tu kwamba pana mwenyewe, wananiuliza, "Yuko wapi? Mbona simuoni?"

Dawa ni moja. Mwanzoni mwa Julai nitapiga pale hema tupu, nitaweka na viti viwili na sufuria mlangoni, waone kama mtu katoka kidogo kwenda dukani. Wote wanafanya hivyo hapa. Wana mahema ya shangazi zao, ya mashemeji zao, hata ya marehemu. Na anayefukuza mahema tupu ni mimi. Lenu sitaliona.

Wewe njoo tu na ile nyama yenu ya kukausha. Mafuta ya zeituni yapo.

Lulzim

*

Visoko, 27 Mei 1977

Kwa ndugu yangu Lulzim, amani na rehema za Mungu.

Barua yako imenifurahisha moyo, kisha ikaninyima utulivu. Nimeitafakari kwa siku kadhaa na sasa nakujibu kwa unyofu, nikijua hutachukia.

Hema tupu ni neno la uongo lililosimamishwa kwa vigingi. Atakuja msafiri aliyechoka na watoto wake, ataangalia sufuria ile, atadhani mwenyewe yuko karibu, atakwenda zake kulala barabarani. Haki ile ni ya nani? Ufuo si milki yangu. Nimekaribishwa pale miaka mingi, na mgeni hukaa akijua kuwa ni mgeni.

Kwa hiyo naomba hivi. Kama hakuna mwenye dhiki, tuwekee, nami nitakuombea dua kwa hilo. Akija mwenye dhiki ya kweli kabla yetu, mpe, wala usiniulize.

Asante kwa nia yako njema, ambayo Mungu ameiandika tayari.

Ragib

*

Visoko, 29 Mei 1977

Shoga yangu Hajrije,

Mwandiko usikutishe, mkono nao unajifunza upya kama mguu. Nakuandikia hali mzee yuko msikitini, kwa hiyo nitakwenda mbio.

Barua ya mumeo niliipokea mimi mlangoni, kabla ya yeye. Sikuifungua. Niliiinua tu kwenye mwanga, na karatasi za Lulzim ni nyembamba. Nimejua yote. Tafadhali mwambie hivi: Ragib atamwandikia kuwa hema tupu ni dhuluma. Namjua, atakuwa amekwisha kuandika. Asimsikilize. Apige hema, aweke sufuria, na akitaka aweke na viatu vyangu vya zamani.

Hajrije, mimi nilisema sitaki kwenda kwa sababu Enver anajenga nyumba na likizo ndiyo nafasi yake pekee, na mzee anaumwa mgongo. Sikutaka kuwakokotesha. Lakini wewe nitakwambia ukweli. Tangu Januari mimi ni mtu wa kuinuliwa, wa kugeuzwa, wa kukalishwa. Wananifanyia kwa upendo, Mungu awalipe, ila nikihesabu mikono iliyonishika kwa siku moja nataka kulia. Majini hakuna anayeinuliwa. Nataka kukaa katika maji yale nisiwe mzigo wa mtu, hata kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Basi. Sina ninachotaka kingine kiangazi hiki.

Mumeo asimwambie mume wangu. Mzee anafurahi kunificha jambo, na sipendi kumharibia.

Nefisa wako

*

Ulcinj, 12 Julai 1977

Shehe wangu,

Nakuandikia nikiwa na aibu, na mimi aibu sijaizoea.

Kwanza ukweli: hema nililipiga. Ulisema nisipige, lakini katika nyumba yako kuna mtu mwingine aliyesema nipige, na zaidi ya hapo nimekatazwa kusema. Likasimama siku tisa. Kila asubuhi nilihamisha sufuria kidogo ili ionekane imetumika.

Juzi mchana, jua kali, akaja mama mmoja kutoka Užice, anaitwa Stojanka Vasić. Alipanda treni mpya hadi Bar, kisha basi, amesimama. Ana binti wa miaka mitano, Ljubica, mwenye ugonjwa wa kifua. Daktari amemwandikia bahari, unajua wanavyoandika, kama vile bahari ni kidonge. Nikamwambia, "Mama, hapa hapana pa kuweka hata kijiko." Akasema, "Sawa, kaka, nipe maji tu, tutakaa pale ukutani mpaka jua lipungue." Hakulalamika. Angelalamika ningemfukuza.

Mtoto akakohoa. Shehe, sijui kukueleza kikohozi kile. Mtu wa Skopje alitoka hemani kwake akasimama tu.

Nikakumbuka maneno yako, akija mwenye dhiki mpe. Basi nikampa. Niliwaingiza chini ya misonobari yenu, na sufuria wanapikia. Watakaa mpaka mwisho wa Agosti. Nimekuvunjia ahadi kwa kukutii, na sasa sijui nikutazameje. Huko nyuma, karibu na barabara, nitawapatia kona, lakini ni mchanga mtupu, na mguu wa Nefisa ndio nafikiria. Hajrije haongei na mimi.

Lulzim

*

Visoko, 18 Julai 1977

Kwa ndugu yangu Lulzim, amani ya Mungu iwe nawe.

Ondoa aibu. Umetenda lile ambalo ningetenda mimi, na kama ningekuwapo ningelitenda kwa ubora pungufu, kwa kuwa ningesita. Namshukuru Mungu aliyelifanya hema letu kuwa na mtu ndani yake. Lilikuwa uongo, sasa ni kweli.

Kwenye mchanga Nefisa hawezi, na huko nyuma hataona kitu. Kwa hiyo mwaka huu hatutakuja. Enver nimemwambia, ataitumia likizo kuezeka nyumba yake. Nefisa sijamwambia. Nitamwambia polepole. Ukizingatia kuwa mwenyewe alisema hataki, naamini hataumia sana.

Mama yule asijue hema ni la nani. Asije akaona kuwa anadaiwa shukrani.

Msalimie Hajrije, na umwambie aongee nawe kwa heshima yangu.

Ragib

*

Ulcinj, 24 Julai 1977

Mheshimiwa Mzee Ragib Solak,

Hunijui. Mimi ni Stojanka, mama wa Ljubica. Naomba unisamehe kwa kukuandikia bila kujulishwa kwako.

Dada Hajrije ameniambia kila kitu. Bwana Lulzim alimkataza, lakini alisema hawezi kunitazama nikikaanga samaki katika sufuria ya mgonjwa. Mzee, laiti ningejua nisingeingia hata kwa dakika moja. Mimi ni mtu wa kanisa na wewe ni mtu wa msikiti, lakini hata kwetu milimani mgonjwa hapewi kisogo, na mahali pa mama mzee hapakaliwi na mwenye miguu mizima.

Mtoto wangu hajambo. Amelala usiku mzima mara tatu, na mimi nilikuwa nimesahau kulala kunafananaje. Anaweza kulala hivyo hivyo huko nyuma karibu na barabara, upepo wa bahari unafika. Tumehamia huko leo. Vigingi vyenu nimevipangusa, pamefagiliwa, na majani makavu ya misonobari nimeyatandaza upya ili pawe laini.

Mahali penu patupu, panawasubiri. Njooni, nakuomba. Mpe mkeo mkono wangu.

Stojanka Vasić

*

Visoko, 26 Julai 1977

Kwa binti yangu Stojanka, salamu za heshima kutoka kwa mzee asiyekujua ila kwa wema wako.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nakuomba kwa haki ya umri wangu: rudi pale pale leo. Sisi tumekwisha kuacha safari, na mtoto anayelala usingizi wake wa kwanza hahamishwi. Kama utaniona kuwa kama baba, nitii kama baba.

Mungu amponye Ljubica, naye ndiye mwenye kuponya.

Ragib Solak

*

Ulcinj, 29 Julai 1977

Shehe,

Nimechoka na wewe, na nakupenda, na nimechoka.

Pwani imejaa mpaka mtu hawezi kukunja goti. Kuna Wacheki wamelala ndani ya mtumbwi. Na pale, mahali pazuri kuliko pote kati ya hapa na Bar, hapana mtu. Stojanka harudi, anasema ni penu. Wewe huji, unasema ni pake. Mtu wa Skopje kaja kuniuliza kama kuna maiti iliyozikwa pale. Nikamweleza habari yote, sasa yeye ndiye mlinzi, anakaa na kiti chake kando, akija mtu na hema anamwambia, "Songa mbele, ndugu, hapa kuna adabu." Jana jioni walibishana watu kumi kuhusu nani kati yenu ana haki. Wamegawanyika nusu kwa nusu, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuweka mguu.

Mtoto analala barabarani. Mgonjwa analala Visoko. Misonobari inampa kivuli nani? Mimi sikusoma kama wewe, nauliza tu.

Nimetuma na simu ya maandishi kwa Nefisa mwenyewe. Hajrije ameniamuru.

Lulzim

*

Simu ya maandishi. Visoko, 30 Julai 1977

LULZIM BARDHI KAMBI YA MAHEMA ULCINJ

TUNAKUJA JUMATATU. MAHEMA MAWILI MAHALI PAMOJA MILANGO ITAZAMANE. STOJANKA ARUDI AKIKATAA MBEBENI. HAFIDHI AMEPIGWA MARUFUKU KUTOA CHANGU TENA. NEFISA

*

Visoko, 14 Agosti 1977

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, mwenye kutoa kabla ya kuombwa.

Kwa binti yetu Stojanka Vasić, chini ya misonobari, Ulcinj. Amani iwe juu yako na juu ya Ljubica, na kifua chake kizidi kuwa chepesi.

Tulifika salama. Nyumba tuliikuta ilivyo, isipokuwa paa la Enver, ambalo bado ni mbingu. Wenzake wa kiwandani wameahidi kuja kumsaidia siku za Jumapili, naye hajatamka neno la majuto. Mwezi wa Ramadhani utaandama leo au kesho, na kabla sijaingia katika saumu nimeona ni wajibu kukuandikia shukrani kwa utaratibu, kwa sababu siku ile ya kuagana nilikuwa na maneno machache kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu.

Uliniuliza ufuoni ni nini kilichotufanya tuje, nami nilikujibu kuwa ni majaliwa. Ni kweli, lakini majaliwa yalipitia jikoni kwangu. Nefisa alipokea simu ya Lulzim, akaisoma, akaniita.

"Hafidhi, hii ni nini?"

"Ni habari ndefu," nikasema.

"Mimi siendi popote. Sema."

Nikamsimulia yote tangu Mei, na nakiri mbele yako kuwa nilisimulia kama mtu anayetarajia sifa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Ulitoa nini?"

"Mahali petu."

"Wewe una miguu miwili, Ragib. Popote ungewekwa ungeiona bahari. Ulichokitoa ni changu, na thawabu ukajiandikia wewe."

Binti yangu, nilisoma madrasa tangu utoto, na nimekaa juu ya mimbari mpaka ndevu zikageuka. Hilo sikulijua. Nilikuwa nimemhurumia mtoto wako kwa mguu wa mke wangu, wala sikumuuliza mwenye mguu. Ndipo akaniambia kuwa alijua tangu mwanzo, kuwa alikuwa ameililia bahari ile miezi mitatu akinificha ili nisichoke, na mimi nikimficha ili asihuzunike. Tulikaa pale mezani, wazee wawili waliohurumiana mpaka wakakaribia kubaki nyumbani. Yeye akaanza kucheka kwanza. Kisha akasema, "Na huyo mama naye akaondoka? Basi mko watatu wapumbavu. Lete kalamu." Mahema mawili milango kutazamana ni fikra yake yeye. Wanaume wawili na kambi nzima hatukuiona.

Kwetu mtu hasafiri bila kuombana radhi mlangoni. Kila mwaka mimi hulitamka neno hilo nikiwa nafunga mizigo, naye hulijibu akiwa anatafuta funguo. Mwaka huu nililitamka nimesimama mbele yake, mikono mitupu. Hakujibu. Alikaa garini akitazama mto, tukapita Sarajevo, tukapita Foča, Enver akinitazama katika kioo kana kwamba mimi ndiye mtoto. Karibu na mpaka wa Montenegro akasema, "Haya, nimekusamehe. Funga hilo dirisha, huo upepo wa kupenya utaniua."

Yaliyotokea baadaye uliyaona kwa macho yako. Nayaandika kwa sababu shukrani isiyotaja jambo lake hupotea njiani.

Nakushukuru kwamba asubuhi ile wewe na Hajrije mlifunga mikono yenu ikawa kiti. Nilisogea ili nishike, nawe ukaniambia, "Mzee, wewe kaa na mtoto," nami nikakaa. Nakushukuru kwamba hamkumpeleka kama mgonjwa, bali mlikwenda mkibishana naye juu ya bei ya pilipili, yeye akisema za Visoko ni bora, wewe ukisema za Užice. Nakushukuru kwamba mlipofika maji ya kifuani hamkumshika kwa kumwonea huruma. Mlimwachia. Nilimwona akielea na nguo zake zote na ushungi wake, mguu ule mzito ukiinuka wenyewe kama mguu wa msichana, wala hapakuwa na mkono wa mtu yeyote juu yake. Ljubica aliniuliza, "Babu, unalia?" Nikamwambia ni chumvi. Akasema, "Lakini wewe hujaingia," na hilo sikuweza kulipinga.

Kwa miaka yote tuliyokwenda pale, mimi sikuwahi kuingia majini. Nilikaa ufuoni na soksi zangu, nikilinda viatu vya wengine, nikidhani kuwa ndiyo heshima. Nefisa akageuza uso wake kutoka kule kwenye maji. Akaita, "Ragib, acha viatu. Hakuna atakayeviiba."

Unajua kwamba nilikwenda. Usilolijua ni aliloniambia nilipomfikia, kwa kuwa alisema kwa sauti ndogo, huku akinishika bega. Alisema, "Simama vizuri, mimi nimekushika."

Mungu akulipe, binti yangu, lile ambalo mimi siwezi kulilipa. Aijaze nyumba yako ya Užice moto wakati wa theluji na mkate wakati wote. Ampe Ljubica pumzi ndefu na usiku wa amani mpaka awe na wajukuu wa kuwasumbua. Awabariki Lulzim na Hajrije na wote waliolilinda eneo lile tupu, na mtu wa Skopje pamoja nao. Na yeyote ambaye barua hii itapita mikononi mwake, Mungu amjalie jirani wa kumsogezea hema, na moyo wa kukubali kusogezewa; ailinde nyumba yake na waliomo, wakubwa kwa wadogo. Amina.

Baba yako,
Ragib Solak

Nefisa ananiambia niongeze kuwa pilipili za Visoko ni bora.